Chupa ya waragi dhidi ya kitoboa matawi ya kahawa

Ndugu wa Mukono, Uganda, umeuliza kama chupa ya waragi, ile pombe kali, itamvuta mdudu anayekausha matawi ya robusta yako. Itamvuta. Mti ulioteseka kwa ukame hutoa ethanoli, kileo kilekile kilichomo kwenye waragi, naye mdudu huinusa na kuja. Ila itundike pembezoni, usimwalike katikati ya shamba.

Mtego hautoshi. Chunguza upande wa chini wa tawi: ukiona kitundu kama cha pini, kata na uchome moto siku hiyo hiyo, kwani mabuu wamo ndani. Na tafadhali, usipulize sumu ovyo. Kuna sisimizi wadogo wanaoingia vitunduni kuwala. Ulaya nako wapo walinzi kama hao: mbawakawa Thanasimus huwanasa watoboa magome kwa kufuata harufu zao na za misonobari.