Konirodi za zamani rudisha, bolti zake tupa

Mkuu, mwambie fundi wako aweke spana chini kwanza. Umeandika kwamba 1NZ, injini ya Toyota IST yako, inakula oili, unaweka ringi na beringi mpya, konirodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) ni zile zile "na bolti zake bado nzima". Nani kakwambia nzima? Kazipima kwa nini, kwa macho?

Konirodi zenyewe hazina neno. Gari ni la kwenda kazini, halina tabo: zioshe, zikaguliwe kama hazijapinda (hasa kama liliwahi kunywa maji ya mafuriko pale Jangwani, Dar), na kila kofia (kile kipande cha chini kinachofungwa na bolti) irudi kwenye konirodi yake, upande wake. Ukizichanganya, tundu haliwi duara tena. Basi.

Sasa bolti. Zile unazikaza toki (nguvu ya kukaza) 15 Nm, halafu unaongeza robo mzunguko. Robo hiyo ndiyo inayoivuta bolti. Kitabu cha Toyota kinaruhusu kuirudisha, ila upime kwanza unene wake, maana ikivutika sana hukonda: nzima ina milimita 6.6 hadi 6.7, ikiwa chini ya 6.4 ni ya kutupa. Fundi aliyefunga injini yangu alirudisha bolti za zamani, na hakuwa na venia ya kupimia unene wala spana ya toki. Alikuwa na bomba refu na maneno: "Mimi nakaza kwa mkono, mkono haudanganyi." Kweli haudanganyi, mwongo ni mwenye mkono.

Injini ikatulia, nikamsifia mpaka kwa mashemeji. Siku hiyo nashuka mlima Kitonga, gia ya L, mguu nimeutoa kwenye mafuta, injini inalia juu. Ko! Bolti imekatika, konirodi imetoboa bloku, oili yote chini, matingo wa malori wanapita wananipungia mkono kama bwana harusi.

Watu wanadhani bolti hukatwa na mlima wa kupanda. Wapi! Mafuta yakilipuka yanasukuma pistoni chini, konirodi inakandamizwa, bolti zimepumzika. Zinateseka pistoni inapomaliza kutoa moshi, imefika juu kabisa, inageuzwa ghafla kurudi chini. Hapo inashikiliwa na bolti mbili tu. Na mizunguko ya injini kwa dakika ikitoka 3000 kwenda 6000, mvuto huo haupandi mara mbili, unapanda mara nne. Kwa hiyo kushuka mlima na gia ndogo, mguu hauko hata kwenye mafuta, ndiko kulikonimaliza. Nikalipa breki dauni, nikalipa injini ya mtumba, na fundi simu hapokei mpaka leo. Yote hayo kwa kuokoa hela ya bolti nane!

Uliuliza pia oili gani na kama silinda zichongwe, sijui na nini kingine, wakuu wengine watakusaidia. Wewe nenda dukani na namba ya chesisi, chukua bolti nane za Toyota, usikubali "hizi zinafanana". Siku ya kufunga ukae hapo hapo. Azipake oili kwenye nyuzi, akaze 15, atie alama ya rangi kila kichwa, ndipo azungushe robo. Akianza habari za mkono, mnunulie soda, pakia injini yako uondoke.