Usalama na Uhakiki Havikai Chungu Kimoja

Swali: Natafsiri waraka kuhusu vinu vya nyuklia. Niandike "kubuni" au "kusanifu kinu kinachokidhi matakwa ya usalama ya kimataifa"? – Mtafsiri, Kilifi

Jibu: Andika kusanifu. Kubuni ni kuzua jambo ambalo halikuwapo. Anayechora kuta, mabomba na milango anasanifu. Hilo limekwisha. Kinachonikera ni huo "usalama", na huo siupitishi.

Nimechoka kuona neno hili likibebeshwa kila mzigo. Kinu kisipasuke: usalama. Wezi wasiingie: usalama. Wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, watoke Vienna kuja kuhesabu urani: usalama tena! Jamani, haya ni mambo matatu. La kwanza ndilo usalama, la pili ni ulinzi. La tatu linauliza kama nchi iliyosema inazalisha umeme haichepushi kitu kwenda kuunda bomu. Kwa IAEA, kilo 8 tu za plutoni zisipoonekana, bomu linawezekana.

Chukua bwawa la fimbo za fueli zilizokwisha kutumika. Mtu wa usalama anauliza kama maji yatatosha kuzipoza. Mtu wa hili la tatu anauliza kamera ikae wapi winchi isiizibe, umeme wake upite wapi, na kasha la fimbo litokee mlango gani. Mkaguzi akirudi, anasoma namba ya lakiri (muhuri aliofungia kabla hajaondoka), anatazama kama waya wake umeguswa. Bwawa laweza kuwa salama kabisa, halijavuja hata tone, na fimbo kumi hazimo! Msomaji wako atalijuaje hilo ukimwandikia "usalama"?

Ndiyo sababu taarifa za usanifu hutakiwa mara tu nchi inapoamua kujenga, kabla zege halijamwagwa. Zamani ilitosha kuzipeleka IAEA siku 180 kabla ya kuingiza fueli. Sharti likakazwa 1992, baada ya mpango wa siri wa Iraki kufichuka.

Neno tunalo: uhakiki. Asili yake Kiarabu, ndugu wa haki na hakika. Watumishi wa Tanzania wanalijua vizuri tangu uhakiki wa vyeti. Hakuna aliyeulizwa kama ofisi yake ina kizimamoto. Waliulizwa kama walichotangaza ndicho walicho nacho. Wahakiki wa fasihi watanung'unika, lakini neno linatutosha sote.

Basi andika: "kusanifu kinu kinachokidhi masharti ya kimataifa ya uhakiki". "Matakwa" ningeweza kukuvumilia, ila mkataba huweka masharti.