Lori la Kwanza Halipiti Kwenye Leseni: Kwa Mnaoanza Akiolojia ya Machimbo

Wadogo zangu, masika yanaisha na mipango kazi ya kuchunguza mambo ya kale kabla machimbo hayajafunguliwa imeanza kuzunguka mezani. Karibu yote ina ramani ileile: shimo la machimbo limepakwa rangi nyekundu, gridi ya mashimo ya majaribio (vishimo vidogo vya kutafutia mabaki) imekaa vizuri ndani yake, nje ya mstari peupe. Barabara haimo. Pa kurundika udongo hapamo. Mtambo wa kusaga kokoto haumo. Mkiulizwa mnajibu, "Hiyo haiko kwenye leseni ya uchimbaji." Sasa mwaka jana hamkuambiwa kwamba inachunguzwa kila ardhi itakayoguswa? Na waliowatangulia mwaka juzi?

Iwe kokoto za Lugoba, chokaa ya Boko au kifusi cha Kisarawe na Mkuranga, makosa ni yaleyale. Kwa hiyo kaeni tuongee.

1. Anza na mpango wa uchimbaji, si na ramani ya shamba

Kabla hujachora hata mstari mmoja wa gridi, mwombe meneja wa mradi mpango wa uchimbaji kwa awamu. Unataka kujua: awamu ya kwanza inaanzia kona ipi, udongo wa juu una unene gani, utamwagwa wapi, barabara ya malori inaingilia wapi, mtambo unasimikwa wapi, bwawa la kutulizia maji ya tope liko upande gani, kambi na stoo ya baruti ziko wapi. Akikuambia haujakamilika, chukua rasimu. Akikuambia haupo, muulize kwa barua, jibu lake lihifadhi kwenye faili.

Piga hesabu uone. Chukua shimo la hekta 12, yaani kama ekari 30 kwa lugha ya wenye mashamba. Udongo juu ya jiwe tuseme ni mita moja na nusu kwa wastani. Hizo ni mita za ujazo 180,000. Udongo ukishachimbuliwa unavimba, ongeza kama robo, unafika 225,000. Ukiurundika kwa urefu wa wastani wa mita sita unahitaji karibu hekta nne. Barabara ya kilomita 1.2 yenye upana wa mita 10 ni hekta 1.2. Mtambo na uwanja wa kokoto hekta moja na nusu, bwawa nusu hekta. Jumla ni karibu hekta saba ambazo hazimo kwenye ramani yako nyekundu. Umeacha zaidi ya nusu ya ukubwa wa shimo lenyewe, na bado kwenye ripoti unaandika kwamba eneo la mradi limechunguzwa.

Na hizo hekta saba si za kawaida. Rundo la udongo huwekwa pasipo na jiwe, maana hakuna mwekezaji anayetaka kufukia jiwe lake mwenyewe. Pasipo na jiwe ndipo penye udongo wa kina. Mtambo unataka tambarare isiyotuama maji na kisima karibu. Barabara inapanda mgongo wa ardhi ili malori yasikwame masika. Sasa jiulize mhunzi au mkulima wa miaka elfu moja na mia tano iliyopita angejenga wapi: juu ya mwamba unaochomoza, au pale kwenye udongo wa kina, pakavu, karibu na maji? Mhandisi na yule mhunzi wanachagua mahali pamoja kwa sababu zilezile. Eneo la jiwe ulilolichunguza kwa mashimo ya majaribio mia na kitu ndilo lenye uwezekano mdogo, na ulipoliacha wazi ndipo penye kitu.

Halafu kuna mpangilio wa muda, na hapo ndipo mambo huharibika kabisa. Shimo lenyewe huanza mwisho. Kinachotangulia ni barabara. Greda na katapila zinaingia wiki kadhaa kabla ya baruti ya kwanza, zinakwangua sentimita 30 za juu, kifusi kinamwagwa, kinashindiliwa. Kitako cha tanuru la kuyeyushia chuma ni duara la udongo uliochomwa lisilozidi hatua moja au mbili kwa upana, na mara nyingi limekaa chini kidogo tu ya udongo unaolimwa. Katapila ikipita mara moja linabaki vumbi jekundu. Ikipita mara ya pili hata vumbi hulioni. Mirija ya udongo iliyopitisha hewa ya mivukuto inasagwa, mavi ya chuma (takataka za uyeyushaji) yanasukumwa pembeni na kuwa sehemu ya tuta la barabara. Siku timu inafika kuchunguza shimo, gari lao linapita juu ya eneo, na kijana mmoja mwenye macho anashuka kukojoa, anaokota bonge zito jeusi la mavi hayo kwenye ukingo wa barabara.

Kisha? Kisha anaandika "limepatikana nje ya eneo la uchunguzi". Kwa maneno hayo sita ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Bonge lile limetoka wapi: mita tano, au mita mia tano lilikosukumwa na katapila? Lilikuwa na vigae, yaani vipande vya vyungu, vya mtindo wa zamani wa Kwale pembeni, au vya mtindo wa baadaye wa michoro ya pembetatu? Mkaa wa kupimia umri ulikuwepo? Hakuna wa kujibu. Limbo, kusini mwa Dar, Felix Chami aliweza kuonyesha uyeyushaji wa chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo kwa sababu mabaki yalikuwa bado yamekaa mahali pake. Mavi ya chuma yaliyo kwenye tuta la barabara yanakuambia tu kwamba kulikuwa na kitu. Hapo mwekezaji anasimamishwa wakati mashine za kukodi zinahesabiwa kwa saa, anakasirika, na ana haki ya kukasirika: alilipa achunguziwe mapema.

Dawa yake haina uchawi. Chora kila mahali ambapo ardhi itaguswa, hata kwa wiki moja. Kwa barabara, chunguza ukanda wa mita 50 ingawa barabara ni mita 10, kwa sababu dereva wa greda akikutana na mbuyu anahama bila kukupigia simu. Weka shimo la majaribio kila mita 25 kwa kupokezana, hili kushoto, linalofuata kulia mwa mstari wa kati. Kwa kilomita 1.2 ni kama mashimo 50. Anza na barabara, fuata mtambo, kisha pa kurundika udongo, shimo la machimbo mwisho. Toa ruhusa ya maandishi kwa kila kipande peke yake, chenye namba na ramani, ili msimamizi wa mashine ajue awamu ipi iko huru. Na usisahau rundo lenyewe: hata kama halichimbi, uzito wake unabana tabaka na kuvunja vyungu vilivyo chini, na hakuna atakayelihamisha miaka ishirini ijayo ili wewe uchimbe.

2. Koodineti

Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimejengwa juu ya mfumo wa koodineti wa Arc 1960. GPS yako ikitoka dukani inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Kwa huku kwetu tofauti ni karibu mita 300, sehemu kubwa kaskazini na kusini. Uliza leseni imeandikwa kwa mfumo upi, usikisie. Weka Kanda 37 Kusini ya UTM, simama kwenye bikoni pamoja na mpima wa kampuni, soma wote wawili kwa sauti. Zikitofautiana kwa mita tatu hadi tano, endeleeni. Zikitofautiana kwa mamia, mlikuwa mnaelekea kuchunguza shamba la jirani.

3. Mashimo ya majaribio

Gridi ya mita 30 kwenye hekta 12 ni mashimo kama 133. Ya mita 20 ni 300. Panga kwa zigizaga, mistari isilingane, ili pengo lisipite moja kwa moja. Ukubwa ni sentimita 50 kwa 50, na kina ni mpaka tabaka tupu, lisilo na mabaki yoyote. Nimeona mipango ya "sentimita 40". Ya nini? Jembe la mkono linageuza sentimita 15 hadi 25, trekta hadi 30, kwa hiyo umechunguza jasho la mkulima na sentimita kumi za ziada. Kwenye mchanga wa pwani vigae vya zamani hukaa sentimita 60, 80, hata zaidi ya mita. Shimo likizidi kina cha mkono, malizia kwa oga, ile kekee ya udongo.

Kila shimo la kina cha mita moja ni robo mita ya ujazo ya kuchekecha. Timu ya watu wawili wakifika mashimo manane kwa siku wamefanya kazi. Anayekuahidi ishirini hachekechi. Chekeche ya milimita 5 inatosha vigae, lakini shanga zinapita, basi kwenye mashimo yenye kitu tumia ya milimita 2. Ukipata kitu, zungushia mashimo ya ziada kila mita 10 mpaka upate mawili mfululizo matupu kila upande. Mashimo matupu nayo yaandikwe, maana ndiyo yanayokupa mpaka wa eneo. Fukia siku hiyohiyo. Mbuzi wa watu akivunjika mguu, fidia itakula bajeti ya maabara.

Tahadharini na matanuri ya wachoma mkaa. Duara jeusi, udongo uliochomeka, mkaa tele, na kijana tayari ameshafunga sampuli kwenye foili. Pitisha sumaku kwanza, tafuta mavi ya chuma, kisha muulize mzee wa hapo nani alichoma mkaa. Vichuguu vichunguzeni pia. Mchwa na panya hupandisha vigae vidogo juu bila kukulipisha.

4. Msimu

Masika nyasi zinafika kiunoni, "hatukuona kitu" inageuka kuwa "hakuna kitu". Tembea Juni hadi Septemba, baada ya mavuno, mistari ya mita 10 hadi 15. Chini ya mikorosho wakulima hupalilia na kufagia kabla korosho hazijaanza kudondoka, na hapo utaona ardhi safi kuliko popote. Ila andika asilimia ya mwonekano kwa kila kipande, la sivyo ramani yako itaonyesha kwamba watu wa kale waliishi chini ya mikorosho tu. Na korosho zikianza kudondoka, tokeni shambani mwa watu.

5. Watu na vibali

Cheti cha tathmini ya mazingira si kibali cha kuchimba mambo ya kale. Kibali kinatoka Idara ya Mambo ya Kale kwa sheria ya 1964, kiombe miezi kabla. Barua ishuke ngazi zake: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Mtendaji akikuona kwa mara ya kwanza ukiwa tayari na koleo mkononi, umeshachelewa.

Mwenye shamba anaweza kuwa anaishi Mbezi, lakini mihogo ni ya Mama fulani aliyeazimwa. Fidia ya mihogo ni ya aliyeipanda. Muulize huyo huyo kuhusu makaburi, si mwenye hati, na uulize bila mwekezaji kusimama pembeni. Makaburi mengi hayana jiwe: kuna kichaka kilichoachwa bila kufyekwa, sahani iliyovunjika, mti uliopandwa kichwani. Mahali pa tambiko napo hutaambiwa siku ya kwanza. Nenda na shikamoo, rudi tena kesho. Kuhamisha kaburi kuna sheria yake ya mwaka 1969 na ndugu wana kauli. Wewe lionyeshe kwenye ramani, weka mkanda, usiguse.

6. Kukwangua kwa mashine

Kijiko (eskaveta), si katapila. Ndoo bapa isiyo na meno, tabaka za sentimita 10, kijiko kikirudi nyuma ili minyororo yake isikanyage palipokwishakwanguliwa. Mtu mmoja asimame mbele ya ndoo muda wote, na asiwe anachati. Mchanga ukikauka rangi za mashimo ya nguzo zinapotea kabla ya saa tano. Beba bomba la mgongoni la kupulizia mikorosho, lililooshwa vizuri, nyunyiza maji na upige picha jua likiwa chini.

7. Yaliyobaki

Siku moja shambani ni mbili au tatu za kuosha na kuandika vigae. Omba nafasi ya kuhifadhi kabla hujachimba. Sampuli hazitoki nchini bila kibali. Sheria ya mambo ya kale inataja vilivyotengenezwa kabla ya 1863, lakini msitupe cha baadaye, kiandikeni.

Utaratibu wa kitu kinapoibuka wakati wa uchimbaji uandikwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye picha za kigae, bonge la mavi ya chuma na mfupa, na namba mbili za simu zinazopokelewa. Ubandikeni ndani ya kijiko mbele ya dereva. Nakala iliyopo ofisini kwa meneja haisaidii, kwa sababu zamu ya usiku ofisi imefungwa, na dereva wa usiku mara nyingi si yule mliyemfundisha asubuhi.