Sake tatu zote za +5, mbona moja ina utamu?

SWALI: Ninahudumia vinywaji kwenye mgahawa wa Kijapani hapa Dubai. Tuna sake tatu, yaani pombe ya mchele ya Kijapani, kutoka sehemu tatu za Japani: ya Niigata, ya Nada na ya Hiroshima. Zote zimeandikwa nihonshudo +5 nyuma ya chupa, na tulifundishwa kwamba alama ya kujumlisha maana yake sake ni kavu, haina utamu. Lakini mimi kila nikiionja ile ya Hiroshima nakuta utamu. Wenzangu wanasema ulimi wangu umeharibiwa na chai ya sukari nyingi. Nani yuko sahihi, na nizilinganisheje ili niwe na la kumwambia mteja?

JIBU: Ndugu yangu, waambie wenzako wakuache na chai yako. Ulichokionja kinaweza kabisa kuwa kweli, na namba ya +5 ikabaki kuwa kweli vilevile.

Nihonshudo hupima uzito wa kinywaji, basi. Fundi huituliza sake kwenye nyuzi 15 za joto, akatumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea, akasoma. Sake yenye uzito sawa na maji husoma sifuri. Sukari ikiwa nyingi kinywaji huwa kizito na namba hushuka chini ya sifuri. Ikipungua, namba hupanda upande wa kujumlisha. Hesabu yenyewe ni kugawa 1443 kwa uzito linganishi wa sake, kisha kutoa 1443. Kwa hiyo lita moja ya sake ya +5 ina uzito wa karibu gramu 996.5, na ya -5 karibu gramu 1003.5. Tofauti ni gramu 7 tu kwa lita, na ndani ya gramu hizo watu wanataka kusoma habari yote ya utamu.

Tatizo la kwanza ni kilevi. Kilevi ni chepesi kuliko maji, kwa hiyo kinaivuta namba upande wa kujumlisha hata kama sukari ipo. Sake nyingi huongezwa maji kabla ya kutiwa kwenye chupa, zikashuka hadi asilimia 15 au 16. Zipo zisizoongezwa, zinaitwa genshu, na hizo hufika 17, 18, wakati mwingine zaidi. Chukua mbili za +5, moja ina asilimia 15 na nyingine 18. Ili ile ya 18 iwe na uzito sawa na mwenzake, lazima iwe imebeba takribani gramu 8 hadi 9 zaidi kwa kila lita za vitu vilivyoyeyuka, na sehemu ya vitu hivyo ni sukari. Kwa hiyo kabla ya lolote, soma asilimia ya kilevi kwenye chupa ya Hiroshima. Mimi ningeanzia hapo.

La pili ni kwamba si kila kilichoyeyuka ni kitamu. Hapa inabidi nieleze kidogo sake inavyotengenezwa. Mama anayepika pombe ya mtama huotesha nafaka ipate kimea, na kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari. Mchele wa sake hauwezi kuota, kwa sababu umekobolewa mno na kiinitete kimeondoka na pumba. Mjapani hutumia ukungu uitwao koji, anaounyunyizia mchele uliopikwa kwa mvuke. Kisha ndani ya tangi moja, kwa wakati mmoja, koji inatoa sukari na hamira inaila sukari hiyo na kutoa kilevi. Siku ya kukamua, kinachobaki ni mchanganyiko: glukosi ambayo ni tamu waziwazi, na sukari za minyororo mirefu zenye uzito lakini utamu hafifu. Kipimo cha kuelea hakizitofautishi. Ulimi unazitofautisha mara moja.

La tatu ni uchachu, unaoandikwa sando. Hiyo ni idadi ya mililita za dawa ya kuzimua asidi zinazohitajika kwa mililita 10 za sake. Nyingi ziko kati ya 1 na 2. Uchachu hufunika utamu, kama ndimu inavyoufunika kwenye juisi. Sake ya +5 yenye sando 1.8 itakukauka mdomoni, yenye 1.1 itateleza laini na utaiita tamu. Namba hizi mbili zisomwe pamoja. Muuzaji akikupa nihonshudo peke yake, amekupa nusu ya habari.

Harufu nayo inadanganya. Hamira za sake za ginjo, zile za mchele uliokobolewa sana, hutoa harufu ya tofaa au ya ndizi mbivu, na pua ikishanusa tunda, kichwa kinatangaza utamu kabla kinywaji hakijagusa ulimi. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: ziba pua, onja, uone kama utamu bado upo.

Sasa kuhusu mikoa, maana nadhani ndiyo iliyokuvutia. Kuna msemo wa zamani Japani kwamba sake ya Nada ni ya kiume, yaani kali na kavu, na ya Fushimi, kule Kyoto, ni ya kike, yaani laini. Nada ipo mkoa wa Hyogo, ukanda wa Kobe na Nishinomiya, na sifa yake ilitokana na maji ya kisima yaitwayo miyamizu, ambayo ubora wake uligunduliwa mwaka 1840. Ni maji magumu kwa viwango vya Japani, yana potasiamu na fosforasi za kulisha hamira, na karibu hayana chuma, ambacho huiharibu sake rangi na ladha. Hamira ikila vizuri inafanya kazi haraka na kubakiza sukari kidogo. Hiroshima maji yao ni laini, na kwa miaka mingi sake yao ilikuwa inaharibika. Miura Senzaburo, mtengenezaji wa Akitsu hukohuko Hiroshima, alihangaika mpaka akapata njia ya kuchachua taratibu kwa baridi huku koji ikipenya vizuri ndani ya punje, na mwaka 1898 akaichapisha ili wenzake waitumie. Ulaini unaousikia kwenye chupa yako una mizizi kwenye njia hiyo.

Usikimbilie kuhitimisha kwamba maji magumu ni ukavu na maji laini ni utamu. Niigata itakuumbua. Maji ya Niigata, ya theluji inayoyeyuka milimani, ni laini pia, na bado mkoa huo ndio unaosifika kwa sake nyepesi na kavu kuliko wote. Siri yao ni mahali pengine: mchele wao wa gohyakumangoku ni mgumu kuyeyuka kwenye tangi, kwa hiyo hauachi vitu vingi, wanaukoboa sana, wanachachua kwa baridi ya muda mrefu, na wengi huchuja kwa makaa. Isitoshe, mchele bora wa yamada nishiki unaolimwa Hyogo unasafirishwa Japani nzima, na hamira zinauzwa kwa namba kama dawa. Hamira namba 7 inatoka kwenye kiwanda cha Masumi, Nagano, na imetumika kila kona. Jina la mkoa linakueleza maji na mazoea ya mafundi wa pale. Mchele huenda umetoka mbali.

Tuje kwenye kuonja. Chukua glasi tatu zinazofanana, mwenzako amimine mililita 30 kila moja, afiche chupa na aandike herufi chini ya glasi. Zote ziwe kwenye joto moja. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi mahotelini, chupa moja imetoka kwenye friji na nyingine imekaa kaunta. Baridi inaficha utamu na harufu. Anzia nyuzi 15 hadi 20. Wajapani wenyewe hutumia kikombe cheupe chenye duara mbili za buluu ndani kwenye kitako, weupe kwa ajili ya rangi na buluu kwa ajili ya kuona kama sake ni angavu au la. Glasi ya mvinyo juu ya karatasi nyeupe itatosha. Nusa kwanza bila kutikisa. Piga funda dogo la kama mililita 5, lisambaze ulimini, vuta hewa kidogo, toa pumzi kwa puani, kisha tema. Tema kweli, kwa sababu ukimeza, glasi ya saba itakuwa nzuri kuliko zote. Sukutua kwa maji.

Halafu rudia kinyumenyume. Sake yoyote inayoonjwa baada ya iliyo chachu itaonekana tamu, na huenda ya Hiroshima umekuwa ukiionja mwisho siku zote. Na kuna mtego ninaowawekea vijana wangu: glasi nne, lakini sake ni tatu, moja imemiminwa mara mbili. Asiyeweza kutambua pacha bado hajawa tayari kumshauri mteja. Mwishowe pasha zote hadi nyuzi 40, joto ambalo Wajapani huliita nurukan, uonje tena. Hapo sake ya Nada mara nyingi hufunguka, na yenye harufu nyingi ya matunda hupoteza sura.

Kwa kuwa uko Ghuba, kagua pia afya ya chupa. Joto na mwanga huizeesha sake haraka: rangi inaelekea njano, inanuka kama karanga zilizokaa au kabichi iliyochemka, na inakuwa nzito mdomoni. Kama moja kati ya tatu zako imepita kwenye ghala lisilo na baridi, hulinganishi mikoa tena. Na ikiwa imeandikwa nama, yaani haikupashwa moto kuua vijidudu, haifai kukaa nje ya friji kabisa.

Ukikuta chupa ya Hiroshima ni genshu ya asilimia 18, fanya jaribio hili moja. Pima mililita 100, ongeza 20 za maji baridi, itashuka hadi asilimia 15. Iweke kando ya nyingine mbili, bila jina, na umwite yule aliyekutania kuhusu chai ndiye aonje kwanza.