Kuhamisha kesi ya talaka kutoka Kisumu hadi Mombasa

Dada, kwa kuwa mumeo amefungua kesi kwa hakimu Kisumu nawe unanyonyesha Mombasa, usiombe uhamisho kwa hakimu huyo. Ombi hupelekwa Mahakama Kuu, chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai (Sura ya 21), na linaweza kuletwa hatua yoyote ya kesi.

Unahitaji notisi ya hoja (karatasi rasmi ya kuiomba mahakama itoe amri) na hati ya kiapo (maelezo yako ya maandishi unayoyaapia). Hapo kwenye kiapo ndipo wengi huanguka: wanaandika “ni mbali, nateseka” basi. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Ambatisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto, risiti za nauli, barua ya mwajiri au ya daktari, na utaje mashahidi wako wanaishi wapi. Ndoa ikiwa ilifungwa Mombasa na mliishi huko, sema; ni hoja nzito kuliko machozi.

Kuwasilisha ombi hakusimamishi kesi. Omba pia isitishwe kwa muda, la sivyo itasikizwa bila wewe.

Mumeo atajibu kwamba unaweza kuhudhuria kwa video. Kwa siku za kutajwa tu, yaani vikao vifupi vya kupanga kesi bila kusikiza ushahidi, kusema kweli, ana hoja. Jikite kwenye siku ya ushahidi.

Angalia jambo moja kwanza: kama mahakama ya Kisumu haina mamlaka kabisa juu ya kesi hiyo, yaani kisheria haina uwezo wa kuisikiza, haihamishiki. Tangu uamuzi wa kesi ya Kagenyi dhidi ya Musiramo (1968) msimamo wa mahakama ni huo. Hapo pinga mamlaka, ombi la uhamisho uliache.