Ukicheza Age of Empires na washkaji, mskilize mwenzako

Age of Empires ya kwanza, ile ya mwaka 1997, gemu la kompyuta la kujenga himaya na kupigana, niliijulia hosteli. Laptop nne, swichi moja, waya zimepita chini ya vitanda, tunacheza wawili kwa wawili. Nilikuwa nimezoea kucheza dhidi ya kompyuta, naishinda hata kwenye kiwango kigumu, nikaamini gemu naijua.

Usiku mmoja nilichagua kucheza kama Misri. Nikapanga mashamba vizuri, nikaanza kuzungusha ukuta. Mwenzangu akaita kutoka kitanda cha pili: "Oya, nimevamiwa!" Nikamjibu asubiri, namalizia kipande hiki. Askari wa adui wenye mashoka walikuwa wanamuulia wanakijiji wake palepale kwenye matunda. Askari wangu walipofika, jengo lake kuu lilikuwa linawaka moto. Baada ya hapo maadui wote wawili wakanigeukia mimi, na ukuta wangu haukusaidia kitu. Mwenzangu alikaa anatazama tu karibu saa nzima. Hilo ndilo liliniuma kuliko kufungwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: mwenzako akiita, nenda. Askari watano wanaofika mapema wana thamani kuliko ishirini wanaokuta majivu. Kama huna askari, tuma chakula. Kweli ushuru unakatwa njiani mpaka ufanye utafiti wa sarafu (Coinage), lakini tuma hivyohivyo.

Ili uwe na cha kutuma, mwanzo wako usiwe na uvivu. Unaanza na wanakijiji watatu na chakula 200, na kila mwanakijiji mpya ni chakula 50. Jengo kuu linabeba watu wanne tu, kwa hiyo mmoja ajenge nyumba papo hapo: mbao 30, nafasi nne zaidi. Zoea kubonyeza H (kuchagua jengo kuu) kisha C (kutoa mwanakijiji), jengo kuu lisikae bure hata kidogo. Ghala la nyama liwe karibu kabisa na swala, maana mnyama akishauawa nyama inaanza kuoza huku watu wako wanatembea. Gemu lina zama unazopanda: kutoka Zama za Mawe kwenda za Zana unahitaji chakula 500, na anayechelewa hapo ndiye anayevamiwa.

Jambo moja watu wengi wanalipuuza: utafiti wa maandishi (Writing), kwenye Zama za Shaba, zinazofuata za Zana. Ukiufanya, mnaonana ramani na mshirika wako. Mimi siuachi siku hizi.

Na mkigawana timu, msiwaweke wakali wawili pamoja. Aliye mzoefu akae na mgeni, amweleze kwa sauti anachofanya. Mgeni wetu wa mwisho alipigwa mechi tatu mfululizo. Ya nne, ni yeye aliyeleta magari ya farasi kwangu kabla sijamaliza kuita.