Jibu: Gobore linapiga vizuri mwanzoni, kisha risasi zinatawanyika

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, risasi tatu nne za kwanza zinakusanyika vizuri kwenye shabaha, halafu mdeki (fimbo ya kushindilia risasi mtutuni) unaanza kugoma na zinazofuata zinakwenda ovyo. Usiguse kilengeo bado. Anza na masizi: zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi, na sehemu yake inaganda ndani ya mtutu.

Mimi hupitisha kitambaa chenye unyevu kila baada ya mlio, kisha kikavu. Unyevu kidogo tu, maana kikilowa utabaki kubishana na fataki (kile kiwashio cha baruti) wakati baruti imeshaharibika. Uwanja ukitangazwa salama, okota vile vitambaa vya kufungia risasi. Huanguka hatua chache mbele yako. Vikiwa vimechanika au kuungua, ni vyembamba mno au mafuta hayatoshi. (Hujasema unapaka nini. Mafuta ya injini achana nayo, yanageuza masizi kuwa kama lami. Nta ya nyuki na mafuta ya wanyama yananitosha.)

Tena tia alama kwenye mdeki, usawa wa mdomo wa mtutu risasi ikiwa imekaa juu ya baruti, ili ujue imefika. Risasi ikikwama kabla ya kugusa baruti, usifyatue, mtutu unaweza kupasuka.